Chuma ndani ya mguu: kinafanya kazi gani, na sisi tufanye nini?



Barabara yetu ya Kisangani–Buta inatulisha, lakini pia inatuvunja. Moto moja inabeba watu watatu na mzigo, baiskeli zinateremka na magunia ya makala, na watoto wetu wanatembea kandokando. Wengine wanaanguka juu ya mchikichi. Mguu ukivunjika, familia inajadiliana usiku kucha: tumpeleke kwa mfunga mifupa wa kijiji, au Kisangani, kilomita 50 hivi? Na munganga akisema atatia chuma, woga unaongezeka. Hakitaota kutu ndani? Atalima tena? Juma hili tunajibu maswali hayo, maana mama asiposimama, chungu hakikai motoni.

Mfupa ni kitu hai

Tufanye jaribio moja nyumbani. Chukueni mfupa wa paja la kuku, uwekeni ndani ya siki siku kadhaa. Utapindika kama kamba, kwa sababu siki imetoa chokaa. Mfupa mwingine uchomeni motoni mpaka uwe mweupe. Huo utavunjika vidoleni, kwa sababu moto umekula nyuzi zake. Basi mfupa una vitu viwili: chokaa inayoupa ugumu, na nyuzi zinazouzuia kupasuka ovyo. Ndani yake inapita damu. Ndiyo maana mfupa uliovunjika unaweza kujiunga wenyewe, mradi ncha zake zikae karibu, zisichezecheze sana, na damu izifikie.

Chuma ni mti wa kuegemeza

Mgomba ukizaa mkungu mzito, tunauegemezea mti. Mti huo hauivishi ndizi. Unazuia mgomba usianguke mpaka ndizi zikomae. Chuma cha munganga ni vivyo hivyo: hakiponyi mfupa, kinaushika wakati unajiponya.

Kuna bamba linalofungwa kwa skrubu ubavuni mwa mfupa, na kuna fimbo inayopitishwa katikati, kwenye uboho. Fimbo hiyo ilianza kujulikana kwa kazi ya munganga Mjerumani Gerhard Küntscher, mwaka 1939. Kwa mfupa wa paja la mtu mzima inafaa sana. Uzito wetu unapita karibu na katikati ya mfupa, na kitu kilicho katikati hakipindwi sana kila hatua kama kilicho pembeni.

Lakini hata chuma kinachoka. Mnajua waya: ukiukunja huku na huku mara nyingi, unakatika. Kila hatua inakunja chuma kidogo sana. Mfupa ukiunga mapema, unachukua mzigo wake na chuma kinapumzika. Ukichelewa, chuma kinaweza kuvunjika. Ni mashindano. Kwa hiyo munganga akisema «usikanyage kwa nguvu bado», beseni la mihogo kichwani nalo limo katika marufuku hiyo! Paja la mtu mzima kwa kawaida linataka miezi 3 hadi 6. La mtoto mdogo linaweza kuunga kwa wiki 4 hadi 6, na mara nyingi linatibiwa kwa plasta au kwa kuvutwa na uzito, bila fimbo hiyo.

Kutu je?

Chuma hicho si msumari wa seremala. Ni chuma kisichoota kutu, kilichochanganywa na kromiamu, ambayo inafanya ngozi nyembamba ya kukilinda. Kingine kinaitwa titani. Chuma cha pua ni kikaidi kupinda mara kumi hivi kuliko mfupa, na titani ni nusu ya chuma hicho. Hilo ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu mfupa usiobebeshwa kitu unakonda, kama misuli isiyofanya kazi. Ndiyo maana siku inafika ambapo munganga mwenyewe anamwambia mgonjwa atembee.

Hata pasipo mashine kubwa

Mwaka 1999, munganga Lewis Zirkle alianzisha huko Richland, Marekani, shirika linaloitwa SIGN. Fimbo yao imetengenezwa ili munganga aweze kuifunga kwa skrubu bila mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji. Shirika linazipatia hospitali linazoshirikiana nazo bila malipo, kwa ajili ya maskini. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inazitumia. Na kujua kama mguu umepona, wanamwomba mgonjwa achuchumae, wanampiga picha. Kuchuchumaa! Jambo tunalofanya kila siku mbele ya mbabula.

Sisi tufanye nini?

Mguu ukivunjika, ufungeni na kijiti kilichonyooka, bila kukaza, kisha mwende. Mfupa ukitokeza nje, funikeni na kitambaa safi, msitie udongo wala majani, na mfike hospitali siku ileile. Vijidudu vikishajificha juu ya chuma ni vigumu kuvitoa.

Hatuwadharau wafunga mifupa wetu, lakini vijiti vilivyokazwa sana vinafunga damu, na mguu unaweza kuoza mpaka ukatwe. Kwa vijiti au kwa plasta, angalieni vidole mara kwa mara. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa, msingoje asubuhi.

Mkiwa kwa munganga, ulizeni mambo matatu: Lini ataanza kukanyaga? Lini tutarudi kwa picha ya radio? Chuma kitatolewa au kitabaki? Kwa mtu mzima mara nyingi kinaweza kubaki kama hakimsumbui. Kwa mtoto anayekua mara nyingi kinatolewa.

Na katika likelemba yetu, tuweke kando kidogo kwa ajili ya safari ya Kisangani. Tumpe mgonjwa ndagala, maharagwe na sombe. Tumbebee maji na kuni miezi hiyo, ili asilazimike kubeba kabla mfupa haujawa tayari. Hapo ndipo chama chetu kinaingia katika matibabu.