Si Mvivu, Ni Mgonjwa

Mke amtuma mumewe dukani: sukari, chumvi na sabuni. Mume arudi na chumvi tu. Juzi aliulizwa jambo dogo, akakaa kimya kitambo kabla ya kujibu. Nyumbani maneno yaanza: "Huyu siku hizi hatujali." Labda ni kweli. Lakini wako watu wafanyao hivyo kwa sababu ubongo wao una makovu.

Ugonjwa huo huitwa sklerosisi, maana yake ugumu. Mwaka 1868 daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliwaeleza wanafunzi wake habari zake. Wagonjwa wake walitetemeka, macho yao yalichezacheza, na walisema kwa shida. Walipokufa, alitazama ubongo na uti wa mgongo, akaona mabaka magumu. Tena aliona kwamba kumbukumbu zao zilidhoofika na mawazo yao yalikwenda polepole. Jambo hili la mwisho madaktari wengi hawakulijali kwa miaka mingi; walitazama miguu na macho tu.

Makovu hayo yatoka wapi? Mishipa ya fahamu ni kama waya za simu. Waya una gamba la mpira; mshipa una gamba la mafuta, nalo husaidia habari kukimbia upesi. Mwilini mna askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea adui, wakalishambulia gamba hilo. Penye jeraha habari hupita kwa shida, au hazipiti kabisa. Ndipo jicho huona ukungu, miguu hufa ganzi, na mtu huchoka mno. Jeraha likiwa katika njia za mawazo, akili nayo hupungua mwendo.

Katika wagonjwa 100, yapata 40 hadi 65 hupatwa na udhaifu huo. Si wazimu, wala si ujinga. Kwa kawaida lugha hubaki, na mambo waliyojifunza zamani hubaki. Kinachopungua ni wepesi wa kufikiri, kushika mambo mapya, na kufanya kazi mbili pamoja. Madaktari huwapima kwa karatasi yenye alama, kila alama na tarakimu yake: mgonjwa hupewa sekunde 90 azitaje nyingi awezavyo.

Tangu mwaka 1981 mashine yenye sumaku kubwa imewaonyesha madaktari makovu haya katika kichwa cha mtu aliye hai. Lakini kuhesabu makovu hakutoshi. Wengine wana mengi, nao wafikiri vema. Wengine wana machache, nao wapata taabu. Mahali pa kovu ni jambo kubwa, na pia kadiri ubongo ulivyosinyaa.

Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata kuliko wanaume. Umeenea zaidi katika nchi za baridi, kama zile za Ulaya ya kaskazini. Katika Afrika wagonjwa ni wachache, lakini wapo. Hauambukizi, wala si uchawi. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, ila tangu mwaka 1993 ziko dawa za kupunguza mashambulio yake.

Nyumbani tufanyeje? Mpeni mgonjwa neno moja moja. Mwandikieni vitu vya kununua. Zimeni redio mnapozungumza. Kazi ya kufikiri ifanywe asubuhi, kabla hajachoka. Alale vya kutosha, atembee kadiri awezavyo, na aache sigara, kwa maana huzidisha ugonjwa.

Usahaulifu una sababu nyingi, hata uchovu na mashaka. Basi mtu asijipe ugonjwa huu mwenyewe, bali aende kwa daktari. Nawe mama, kabla ya kusema "hatujali", keti naye kwanza, umwulize: "Baba, wajionaje?"