Jeni ya Maziwa na Swichi Yake ya Mbali

Mtoto mchanga humeng'enya maziwa ya mama yake kwa sababu seli za ukuta wa utumbo wake mwembamba hutengeneza laktasi, yaani kimeng'enya kinachoikata sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, kuwa sukari mbili ndogo zinazoweza kufyonzwa na kuingia katika damu. Watu wazima walio wengi duniani hupungukiwa na uwezo huo baada ya kuachishwa ziwa, hivyo laktosi huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha, tumbo likajaa gesi na pengine mtu akaharisha. Miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki, wakiwemo Wamaasai, wapo watu wazima wengi wanaokunywa maziwa yasiyogandishwa bila taabu yoyote, ingawa maelekezo ya kutengeneza laktasi yaliyomo katika jeni yao ni yaleyale waliyo nayo wenzao wasioyaweza maziwa. Kinachowatofautisha ni iwapo jeni hiyo inaendelea kusomwa ukubwani au imenyamazishwa.

Kusomwa kwa jeni huitwa unukuzi. Maelekezo ya jeni yameandikwa katika DNA kwa herufi nne za kikemia, na DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Kwa hiyo kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hutua mwanzoni mwa jeni, katika eneo linaloitwa kianzishi, hutenganisha nyuzi mbili za DNA kwa sehemu fupi, kisha husonga juu ya uzi mmoja kikiunga nakala ya RNA herufi baada ya herufi. Nakala hiyo hukatwa vipande visivyohitajika, hutoka nje ya kiini na kusomwa na ribosomu, ambazo ndizo zinazounda protini. Ni hatua chache ambazo uhai unazitegemea kuliko hii: rifampisini, dawa wanayoifahamu wagonjwa wa kifua kikuu, huwaua bakteria kwa kuizuia RNA polimerasi yao, huku ile ya binadamu, yenye umbo tofauti, ikiendelea na kazi.

Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote zipatazo elfu 20 zenye maelekezo ya protini, lakini seli ya ubongo haitengenezi laktasi hata mara moja. Sehemu kubwa ya DNA hukazwa juu ya protini ziitwazo histoni, na jeni iliyokazwa sana haifikiki kwa urahisi. Na hata inapofikika, polimerasi huhitaji protini za udhibiti, ambazo hushika mfuatano maalumu wa herufi na kuiita ianze kazi au kuizuia. Baadhi ya protini hizo hushika vipande vya DNA vilivyo mbali sana na jeni vinayoitawala, na DNA hujipinda hadi vipande hivyo vikakutana na kianzishi.

Swichi ya laktasi ni ya aina hiyo. Imo katika kromosomu ya 2, takribani herufi 14,000 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi, tena ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, katika sehemu ambayo hukatwa na kutupwa nakala ya jirani huyo inapoandaliwa. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha kwamba badiliko la herufi moja mahali hapo huambatana na uwezo wa watu wazima wa Ulaya kumeng'enya maziwa. Wafugaji wa Afrika Mashariki kwa kawaida hawana badiliko hilo, na jibu lao lilipatikana mwaka 2007, pale Sarah Tishkoff na wenzake walipotangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan: herufi nyingine, umbali mfupi tu kutoka ile ya Ulaya, ilikuwa imebadilika kutoka G kuwa C, na majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba badiliko hilo huongeza unukuzi.

Watafiti hao walikadiria kuwa badiliko hilo lilienea katika kipindi cha miaka takribani 7,000 iliyopita, sambamba na kuenea kwa ufugaji wa ng'ombe katika Afrika Mashariki, kwa kuwa mwenye nalo alipata chakula na maji ambavyo mwenzake hakuweza kuvitumia vilivyo. Katika rasi ya Uarabuni, kwa watu walioishi na ngamia, limeenea badiliko la tatu katika swichi hiyohiyo, lililozuka kivyake. Kwa hiyo si sahihi kumwita mgonjwa mtu mzima asiyeweza maziwa. Seli zake zimefuata utaratibu wa kale wa binadamu, na mtindi, ambao bakteria wameshapunguza sehemu ya laktosi yake, mara nyingi humfaa.