Ukuta Mwembamba wa Kifuko cha Nyongo

Katika saratani ya kifuko cha nyongo, kinachomwongoza daktari kukadiria mwenendo wa ugonjwa ni kina ambacho seli za saratani zimefikia kwenye ukuta wa kifuko, kiasi kwamba uvimbe mkubwa unaoning'inia ndani ya kifuko unaweza kuwa na hatari ndogo kuliko kidonda bapa kilichokwisha kupenya msuli. Ukuta huo, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3, hauna submukosa, yaani lile tabaka linalotenganisha utando wa ndani na msuli katika utumbo. Tena upande unaoelekea tumboni umefunikwa na peritonia, utando unaovisitiri viungo vya tumbo, ilhali upande ulioegemea ini hauna kifuniko hicho, na tishu yake imeungana na ile ya ini, huku vena ndogo zikimwaga damu moja kwa moja ndani ya ini.

Ndiyo maana toleo la nane la mfumo wa kupanga hatua za saratani wa Marekani liliwagawa wagonjwa ambao saratani yao imevuka msuli bila kutoka nje ya kifuko: T2a ni wa upande wa peritonia, na T2b ni wa upande wa ini, ambao hali yao huwa mbaya zaidi ingawa kina ni kilekile. Mgawanyo huu ulichelewa, kwa kuwa maumbile yenyewe yalikuwa yakijulikana zamani. Saratani iliyoishia chini tu ya utando wa ndani, yaani T1a, kwa kawaida hutibiwa kwa kuondoa kifuko peke yake, na zaidi ya 90% ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5. Iliyofika viungo vya mbali huwaacha hai chini ya 5% baada ya muda huohuo.

Tezi za limfu nazo huhesabiwa: moja hadi tatu zilizoathirika ni N1, nne au zaidi ni N2, na mpasuaji hutakiwa kutoa angalau 6 ili hesabu iaminike. Zikiathirika zile zilizo kati ya mshipa mkuu wa aota na vena kava, ugonjwa huchukuliwa kuwa umesambaa mbali. Macho yakigeuka manjano, mara nyingi mfereji wa nyongo umekwisha kubanwa au kuvamiwa, na ni wachache ambao upasuaji bado unaweza kuwaponya.

Wagonjwa wengi wa hatua za awali hugunduliwa kwa bahati, baada ya kifuko kuondolewa kwa sababu ya mawe na kuchunguzwa maabara. Kifuko kikipasuka wakati wa upasuaji huo, nyongo inayomwagika huweza kupanda seli za saratani kwenye peritonia, na hata kwenye makovu ya matundu madogo yaliyopitishiwa kamera na vifaa.