Mbwa Anayekula na Kukonda: Tiba Iliyo Buchani

Katika vijiji vya Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori wilayani Kasese, Uganda, mbwa ana kazi. Hulinda mbuzi usiku, hufukuza nyani na tumbili wanaovamia mahindi, na hubweka mtu asiyejulikana anapokaribia kahawa iliyoanikwa uani. Ndiyo maana mbwa mchanga anayeanza kukonda ilhali anakula kuliko wenzake hapati huruma. Ataitwa mlafi, kisha mwizi, kwa kuwa anavunja mayai, anapindua sufuria na kula hata kinyesi chake mwenyewe. Mwisho wake huwa fimbo, au sumu iliyotiwa kwenye kipande cha nyama. Wapo kati ya mbwa hao wasio na ulafi wala tabia mbaya. Wana njaa ya kweli: tumbo limejaa na mwili haupati kitu, kwa sababu kongosho halitoi tena vimeng'enya vya kusaga chakula. Hoja yangu ni kwamba mbwa wa namna hii anaweza kutunzwa na kunenepa hata Bwesumbu, mbali na hospitali kubwa za wanyama, na kwamba sehemu kubwa ya dawa yake hutupwa machinjioni pamoja na uchafu wa matumbo.

Kongosho lina kazi mbili. Moja wengi wanaijua kwa sababu ya kisukari: kutoa insulini inayoingia katika damu. Ya pili haisemwi sana, nayo ni kumimina ndani ya utumbo mwembamba maji yenye vimeng'enya vinavyovunja mafuta, protini na wanga. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba bila maji hayo mafuta hupita utumboni karibu kama yalivyoliwa. Katika mbwa wachanga wenye ugonjwa tunaouzungumzia, seli za kazi hii ya pili hunyauka na kufa taratibu, mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili wenyewe inazishambulia, huku zile za insulini zikibaki salama. Kwa hiyo mbwa huyu kwa kawaida hana kisukari. Tena dalili hazionekani mapema, maana kongosho lina akiba kubwa. Mpaka mwenye mbwa aone kuna tatizo, zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake imekwisha kupotea. Anayeugua zaidi ni German Shepherd na machotara wake, aina wanayoipenda watu wa ulinzi kote Uganda, na wengi hugundulika wakiwa bado na umri mdogo, kati ya mwaka 1 na 4. Hata hivyo mbwa wa kienyeji hana hati ya kuepushwa.

Dalili kuu ni tatu, na uzito wake uko katika kuonekana pamoja: kula kwa pupa, kukonda, na kinyesi kingi mno chenye rangi ya udongo wa manjano, laini, kinachong'aa mafuta na kunuka vibaya. Manyoya hufifia, tumbo hunguruma. Hapa kuna pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu: Bwesumbu mbwa wengi hukonda kwa minyoo, kwa maradhi ya kupe, au kwa kulishwa ugali wa mihogo usio na chochote ndani yake. Ni kweli. Ndiyo sababu hakuna anayepaswa kurukia kongosho kabla ya kumpa mbwa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, kumwonyesha kwa daktari wa mifugo ili damu yake ichunguzwe, na kumpa chakula cha kutosha kwa wiki kadhaa. Lakini mbwa mwenye njaa ya umaskini akilishwa vizuri hunenepa. Mgonjwa halisi hanenepi. Kadiri unavyomwongezea chakula ndivyo kinyesi kinavyoongezeka, na mbavu zinabaki pale pale. Tofauti hiyo mwenye nyumba anaweza kuiona kwa macho yake.

Uthibitisho wa uhakika unapatikana kwa kupima damu iliyotolewa mbwa akiwa hajala usiku kucha. Kipimo hicho kilianzishwa na watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1980. Hupima kiasi cha kimeng'enya kiitwacho tripsini kinachovuja kutoka kwenye kongosho na kuingia katika damu. Kikiwa chini ya mikrogramu 2.5 kwa lita, jibu limepatikana. Anayeweza kugharamia kupeleka sampuli Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese, amuulize daktari wake kama Chuo cha Tiba ya Mifugo cha Makerere kinaweza kuipima au kuituma mbele, na afanye hivyo. Asiyeweza asiambiwe kwamba mlango umefungwa. Anaweza, chini ya macho ya daktari, kujaribu tiba yenyewe kwa wiki chache na kuangalia kinyesi na uzito. Wataalamu watapinga kwamba kupona kwa majaribio si ushahidi kamili, kwa kuwa maradhi mengine ya utumbo hupungua yenyewe. Nakubaliana nao. Ila chaguo lililopo kijijini ni kati ya jaribio linalosimamiwa na kumwacha mnyama afe bila kujulikana anaumwa nini, na kati ya hayo mawili silioni la kusitasita.

Tiba yenyewe ni kumrudishia mbwa vimeng'enya asivyo navyo, kila anapokula, maisha yake yote. Nchi tajiri hutumia unga uliokaushwa kutoka kwenye kongosho la nguruwe, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa kwa kila mlo. Unga huo ni ghali, na kwa mtu wa Bwesumbu kuupata ni safari. Lakini ulitoka wapi kama si machinjioni? Ushahidi wa kongosho bichi ni wa siku nyingi. Huko Toronto, ambako Frederick Banting na Charles Best waligundua insulini mwaka 1921 kwa kufanya majaribio kwa mbwa walioondolewa kongosho, ilionekana katika miaka iliyofuata kwamba insulini peke yake haikutosha kuwaweka mbwa hao hai kwa muda mrefu. Walihitaji pia kongosho bichi ndani ya chakula. Hadi leo vitabu vya tiba ya wanyama vinalitaja kongosho bichi la ng'ombe au nguruwe kama mbadala kamili wa unga, gramu 30 hadi 90 zilizokatwakatwa kwa kila mlo kwa mbwa wa kilo 20. Mwenye nyumba Mwislamu hana haja ya kugusa nguruwe. La ng'ombe linafanya kazi ile ile, na la mbuzi pia, ingawa ni dogo.

Ugumu uko katika kulitambua na kulihifadhi. Wachinjaji wengi wa miji ya Kasese na Bwera hulichanganya na mafuta ya matumbo na kulitupa. Si bandama, ambayo ni nyeusi nyekundu na bapa. Kongosho limekaa kando ya mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba, karibu na ini. Ni laini, lina rangi ya waridi iliyopauka, na ukilipapasa utasikia vijundo vidogo vidogo vilivyoshikana. Liombwe mara tu ng'ombe anapopasuliwa, maana likikaa juani hujisaga lenyewe na kuoza upesi kuliko nyama. Likatwe vipande vya mlo mmoja mmoja, kila kipande kwenye mfuko wake, na ligandishwe. Likiwa ndani ya friza linadumu miezi kadhaa bila kupoteza nguvu. Nyumba nyingi za mlimani hazina friza, na hili ndilo pingamizi ninaloliona zito kuliko yote. Njia ni kukodi nafasi kwenye friza ya muuza samaki au soda mjini, kuchukua vipande vya siku mbili au tatu kwa boda boda anayeshuka na kupanda, au nyumba mbili tatu zenye mbwa wagonjwa kushirikiana. Kupika si njia. Moto huua vimeng'enya, na anayechemsha kongosho atakuwa amempa mbwa nyama tu. Kwa sababu hiyo hiyo lisichanganywe na posho (ugali) inayofuka moshi; chakula kipoe kwanza hadi kiwe vuguvugu. Zamani ilishauriwa chakula kikae nusu saa kikiwa kimechanganywa, lakini utafiti haukuona faida yake.

Je, kumlisha mbwa kitu kibichi si kukaribisha maradhi? Hofu hii ni ya haki, hasa kwa ajili ya ule mnyoo mdogo wa mbwa ambao mayai yake humletea binadamu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Mbwa huupata kwa kula viungo vya mifugo vyenye mifuko ya maji. Kwa hiyo lichukuliwe kongosho la ng'ombe aliyekaguliwa na ofisa wa mifugo, lenye sura safi. Ini na mapafu mabichi yasiguswe kabisa, na mbwa apewe dawa ya minyoo ya tegu mara kwa mara kama daktari atakavyopanga. Mikono na kisu vioshwe kwa sabuni. Na tukumbuke hali ya upande wa pili: mbwa asiyetibiwa huzunguka jalalani na kula mizoga na vinyesi vya watu na wanyama, kisha hurudi kucheza na watoto. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya kipande kilichokaguliwa.

Wengi waliojaribu wakakata tamaa walisahau vitamini B12. Katika mbwa, kongosho ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya protini inayoiwezesha vitamini hiyo kuingia mwilini, kwa hiyo kongosho likifa nayo hupungua, na mbwa hubaki dhaifu hata kinyesi kikitengemaa. Sindano ya chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki 6, halafu nyingine baada ya mwezi, ndiyo desturi. Kiasi ni mikrogramu 250 hadi 1500 kufuatana na uzito. Chakula kigawanywe angalau mara mbili kwa siku. Pumba za mahindi ziachwe, kwa sababu nyuzi nyingi huzuia usagaji. Posho laini au mihogo iliyoiva vizuri pamoja na dagaa au mayai inafaa. Mafuta hayahitaji kukatazwa. Kinyesi kikiendelea kuwa kibaya licha ya yote, huenda bakteria wamezidi utumboni, na hapo daktari ataamua juu ya antibayotiki.

Linabaki swali la fedha, linaloulizwa kwa uchungu: kwa nini gharama hizi kwa mbwa wakati karo haijalipwa? Sitamwambia mzazi amtangulize mbwa. Ninachosema ni kwamba kongosho ni kitu ambacho kwa kawaida hakuna anayekinunua, na gharama kubwa ni nidhamu: usafiri, friza na kutokosa mlo hata mmoja. Faida yake si ndoto. Uchunguzi wa mbwa 178 uliochapishwa Uingereza mwaka 2007 ulionyesha kwamba nusu ya waliotibiwa waliishi zaidi ya miaka 5 baada ya kugundulika. Uchunguzi huo huo uliona kwamba karibu mmoja kati ya watano aliuawa ndani ya mwaka wa kwanza, na kwamba wenye upungufu mkubwa wa B12 waliishi muda mfupi zaidi. Miezi ya mwanzo ndiyo inayoamua. Nyumba ambayo kwa kweli haiwezi kuhakikisha kongosho kila siku na imwombe daktari amlaze mbwa kwa sindano. Kumwacha barabarani au kumtilia sumu ni ukatili, na sumu ile ile humfikia mbwa wa jirani na tai.

Mbwa huyu pia asizalishwe. Ugonjwa una asili katika ukoo, ijapokuwa haurithiwi kirahisi: watafiti wa Finland walipozalisha wagonjwa wawili, kati ya watoto 6 ni 2 tu walioupata. Wanaouza watoto wa German Shepherd kwa walinzi wa Kasese wanao wajibu wa kusema kama mama au baba yao alikonda hivi. Na wewe mchinjaji wa Bwera, mtu akija asubuhi kuomba kile kipande cha waridi kilicho kando ya utumbo, usimcheke. Mkatie, mfungie, na mwambie aje tena kesho.