Tuzuru Vijiji Vyetu vya Kale Kabla Havijanyamaza

Kutembea kwingi, kuona mengi, walisema wahenga. Hata hivyo, wahenga hao hawakutuambia kwamba sharti matembezi yenyewe yawe ya mbali. Kila muhula unapokaribia kwisha, mabasi ya shule kutoka Siaya na Busia huipita njia panda ya Kisian, magharibi ya jiji la Kisumu, yakielekea Nairobi kutazama simba na majumba marefu, au Mombasa kutazama Fort Jesus. Sina ugomvi na simba wala na Fort Jesus. Ugomvi wangu ni na dhana iliyoota mizizi vichwani mwetu kwamba historia hukaa kwingine, na kwamba kijiji cha karibu ni mahali pa kutoka tu.

Kisian yenyewe huwakumba watu wengi kama jina la kwenye kibao cha barabarani. Hapo ndipo barabara hugawanyika: moja hushika njia ya Bondo, nyingine hupanda kuelekea Maseno na hatimaye Busia. Reli ya tawi la Butere, iliyokamilika mwaka 1930, nayo hupita papo hapo. Watafiti wa malaria ulimwenguni wanaijua Kisian kwa kituo chake cha utafiti. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaoijua kama mahali ambapo mtu anaweza kuanzia safari asubuhi, akazuru mahali pa kale, na kurejea jioni kabla chakula hakijapoa?

Tuchukue kwanza njia ya Bondo. Muda si mrefu msafiri hufika Seme na kuliona rundo la majabali yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Hapo ni Kit Mikayi. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba mzee mmoja, Ngeso, aliyapenda mawe hayo hata akawa anashinda humo pangoni kutwa nzima, mkewe akimpelekea chakula huko huko. Watu walipouliza mzee yuko wapi, jibu likawa kwamba amekwenda kwa mke wake mkubwa. Waumini wa Legio Maria nao hufika hapo kufunga na kusali, kwa hiyo mgeni ajue kwamba anaingia mahali patakatifu pa watu.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo hivi hivi. Jiwe kwa Dholuo ni kidi. Likihusishwa na mwenyewe, neno hubadilika sauti likawa kit, yaani jiwe la fulani. Mikayi ni mke wa kwanza, anayefuatwa na nyachira na kisha reru. Kwa maneno mawili tu, basi, mtoto hujifunza kanuni ya sarufi na mpangilio wa boma la wake wengi. Akitaka kuuona mpangilio huo kwa macho, Jumba la Makumbusho la Kisumu limejenga boma kamili liitwalo Ber-gi-dala. Ni kazi nzuri, lakini boma hilo halina mwenyewe wa kukukaribisha uji. Kule Seme wapo.

Mbele zaidi katika njia iyo hiyo kuna Bondo na Kang'o, alikozikwa Jaramogi Oginga Odinga aliyefariki mwaka 1994, na ambako mwanawe, Raila, alizikwa mwaka 2025. Ukiendelea hadi Yimbo utafika Got Ramogi, mlima ambao mapokeo ya Waluo yanautaja kuwa makazi yao ya awali katika nchi hii. Got ni mlima, na Ramogi ndiye babu anayetajwa katika mapokeo hayo. Hayo yote yanaweza kuzuriwa kwa siku moja, maadamu mtu hakuchelewa kitandani.

Safari ya pili inadai kurauka alfajiri, kwa kuwa inauzunguka mkono wa ziwa hadi kaunti ya Migori. Huko kuna Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta nene za mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala saruji. Yakadiriwa kwamba kuta hizo zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jina lenyewe ni la Dholuo: thim ni msitu, lich ni kitu cha kuogofya, na ohinga ni makazi yaliyozungushiwa ukuta wa mawe.

Hapa ndipo penye somo kubwa. Ingawa jina ni la Kiluo, wataalamu wanaeleza kwamba mahali hapo pamekaliwa kwa zamu na watu wa asili mbalimbali za lugha, tangu karne hiyo hadi katikati ya karne ya 20. Huyu alijenga, yule akarithi na kukarabati, mwingine akalipa jina. Kila aliyefika alilikuta jiwe la mtangulizi wake mahali pake, akaongeza lake badala ya kulibomoa. Ni nani basi leo anayeweza kusimama mbele ya kuta hizo akadai kwamba ni za kabila lake peke yake?

Turudi Kisian tukamate njia ya tatu, iliyo fupi kuliko zote, ya kupanda Maseno. Msafiri hukutana na mstari wa ikweta, na shule kongwe iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, ambayo Jaramogi mwenyewe aliipitia. Jina la Maseno limetokana na mti ambao Waluo huuita oseno, na majirani zao Waluhya huuita oluseno. Mti ni mmoja, jina ni moja, ila kila lugha imelivika vazi lake. Ajabu ni kwamba mahali hapo hapo kwa miaka mingi pamekuwa na mvutano wa mpaka baina ya Kisumu na Vihiga. Viongozi hufungua ramani, hufungua sheria, hufungua hotuba. Laiti wangelifungua jina! Wangeona kwamba waliolitamka kwanza walikuwa wamekwisha kuelewana kiasi cha kuazimana maneno, na watu wasiozungumza hawaazimani maneno.

Hiyo ndiyo hoja yangu, ndugu msomaji. Mawe ya kale hayasemi yenyewe. Husemewa na majina, na majina husemewa na wazee. Tukiyazuru mawe bila kuwasikiliza wazee tutarudi na picha tu. Tukiwasikiliza tutarudi na ushahidi kwamba ujirani wetu ni mkongwe kuliko mipaka yetu.

Katika Dholuo lipo neno gunda, lenye maana ya mahali palipokuwa na boma ambalo wenyewe wamelihama. Wengi hulifasiri kwa Kiswahili kuwa gofu. Tafsiri hiyo haitoshi. Gofu ni jengo lililokufa. Gunda lina wenyewe, hata kama wamehamia mbali. Ardhi yake husifika kwa rutuba, na wazee wamekuwa wakilitaja kama shahidi wa nani aliishi wapi. Neno mahame ndilo linalolikaribia. Vijana wengi wa Kisumu hawalijui neno gunda wala mahame. Neno likipotea, mahali hugeuka kichaka, na kichaka hufyekwa na mnunuzi wa ploti asiyejua anachokifyeka.

Wapo watakaosema kwamba utalii wa vijiji ni anasa ya Wazungu. La hasha! Ni kweli kwamba Wafaransa wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 1982, katika kijiji cha Collonges-la-Rouge kilichojengwa kwa mawe mekundu, ulizaliwa muungano wa vijiji vinavyovutia zaidi nchini humo. Kijiji hakiingii humo iwapo wakazi wake wamezidi 2,000, wala iwapo hakina angalau sehemu mbili zinazolindwa kisheria. Mtu wa mjini huenda huko asubuhi, akala chakula cha mwenyeji, akanunua kitu, akarudi kwake. La kuiga kwao ni ile imani kwamba udogo wa kijiji ni sifa. La kujihadhari nalo ni kijiji kugeuka jukwaa, ambapo mgeni hutazama kuta naye mwenyeji akawa mpiga tikiti.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya eneo hili ipange angalau ziara moja kwa mwaka ya mahali pasipohitaji kulala njiani. Mtaala wa umilisi unayapa masomo ya lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini, na hakuna kitabu cha lugha kishindacho mahali penye jina. Pili, mwelekezaji awe mzee au mama wa kijiji hicho, alipwe ujira wa haki, na asimulie kwa lugha yake, mwalimu akifasiri. Tatu, kila mwanafunzi arudi na majina kumi ya vilima, vijito na mahame, pamoja na maana zake, yahifadhiwe shuleni. Baada ya miaka mitano shule zetu zitakuwa na hazina ambayo chuo kikuu chochote kitaionea wivu.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi yanasema kwamba hapo palikuwa na kijiji, akaja bibi kizee usiku wa ngoma na pombe akiomba hifadhi, wakamfukuza, ila mwanamke mmoja akamkirimu. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, akasalimika yule mkarimu. Kwa kawaida tunaisimulia hadithi hiyo ili kuwaonya wenyeji wasiomjali mgeni. Siku hizi naona inatuonya na sisi wageni. Bibi kizee bado yupo, ameketi mlangoni pake Seme, Yimbo na Maseno, na safari hii ni sisi tunaompita bila kubisha hodi.