Ghala tupu lililoua wazima moto 6

Mwenye ghala la baridi huhofia bidhaa kuoza. Moto haumjii akilini. Lakini Desemba 3, 1999, mjini Worcester, Marekani, ghala la aina hiyo, lililokuwa limeachwa tupu, liliua wazima moto sita.

Moto ulianzia kwenye mshumaa ulioangushwa na watu wasio na makazi waliokuwa wakiishi humo. Kuta zilijaa lami na povu la plastiki la kuzuia joto, madirisha yakiwa machache mno. Wazima moto wawili walipotea ndani ya moshi wakiwatafuta watu hao, kumbe walikwishatoka. Wanne wakafa wakiwatafuta wenzao. Ndipo mkuu wao alipozuia wengine kuingia.

Ukilifunga ghala, ziba milango, kisha wape zimamoto ramani yake.