Mji wa Kondoa na Majabali Yake

Uko katika nchi ya Ufaransa mto uitwao Loire, na ukingoni mwake upo mji wa kale uitwao Amboise. Juu ya mji huo imesimama ngome ya wafalme. Humo ndimo alimofungwa Amiri Abdulkadir wa Aljeria, pamoja na jamaa na wafuasi wake, tangu mwaka 1848 hata 1852, baada ya kuvunjwa ahadi aliyopewa alipoweka silaha chini. Watu wake 25 walifia humo, wakazikwa katika bustani ya ngome. Mwaka 2005 makaburi yao yaliwekewa ukumbusho wa mawe, na leo mgeni aendaye kutazama fahari ya wafalme huiona pia habari ya Waislamu waliodhulumiwa. Kwa kuwa ngome imetunzwa, na habari yao imetunzwa.

Basi yatupasa tujiulize sisi tukaao nyanda za kati: tunacho nini cha kutazama, na tunakitunzaje?

Jawabu si la mbali. Ukitoka Dodoma kuelekea kaskazini kwa barabara ya Babati, mwendo wa kilomita kama 160, utafika Kondoa, mji ulio kando ya mto, wenye chemchemi ya maji mengi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa ikipumzika katika nchi hii ya Irangi. Wafanyabiashara hao hawakuleta nguo na shanga peke yake. Pamoja nao uliingia Uislamu, na leo Warangi walio wengi ni Waislamu. Baadaye wakaja Wajerumani, nao wakaufanya mji kuwa kituo chao cha utawala.

Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, yaliuteka mji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, Wajerumani wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck walijaribu kuurudisha, wasiweze. Mvua na maradhi viliwatesa watu wa pande zote mbili, na vita hivyo vya wageni vilibebwa mabegani mwa Waafrika, askari na wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Lakini ngome kongwe za Kondoa si za Wajerumani. Endelea mbele hata Kolo, na katika milima inayokabili bonde utakuta majabali yaliyoinama kama baraza za nyumba. Chini ya majabali hayo watu wa kale walichora twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, nayo hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji. Michoro myeupe ni ya wakulima na wafugaji waliofuata. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Mwaka 2006 UNESCO iliandika eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na mapango yapatayo 150 au zaidi, katika orodha ya urithi wa dunia.

Huenda msomaji akasema: "Mwislamu ana faida gani kutazama sanamu za wasiojulikana?" Twamjibu kwamba kutazama si kutukuza. Qurani imetuhimiza tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, na mwenye kusimama mbele ya jabali lile huona kwa macho yake kwamba kaumu nzima huweza kuondoka, lisibaki hata jina lake.

Linalotuhuzunisha ni hili. Umezuka uvumi kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu karibu na michoro, na kwa ajili ya uvumi huo watu wamechimba mashimo chini ya majabali. Dhahabu hawakuipata; walichokipata ni kuvuruga udongo ambamo wataalamu husoma habari za kale tabaka kwa tabaka, na kutimua vumbi linaloganda juu ya picha. Wengine huandika majina yao juu ya mwamba. Wengine huimwagia michoro maji ili ing'ae machoni, wasijue kwamba maji hayo huifuta kidogo kidogo. Rangi iliyostahimili jua na mvua kwa maelfu ya miaka yaweza kumalizwa na kizazi kimoja kisicho na subira.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Majabali ya Kolo ndiyo daftari la nchi yetu, na hakuna nakala yake nyingine itakayoandikwa.

Basi nawe mzazi, watoto wafungapo shule, wapeleke. Pale Kolo chukueni kibali na kiongozi wa kuwaonyesha njia, vaeni viatu vya kupandia mlima, bebeni maji ya kunywa. Mkifika, waambieni watoto watazame wala wasiguse. Na mkisikia jirani akinoa jembe kwa ajili ya dhahabu ya Mjerumani, mnasihini kwa upole: hazina imekwisha patikana, nayo imo ukutani.